Mafua Makali ya Ndege: Kirusi Kilichokuzwa Bandani na Kusafiri kwa Mbawa

Mwanzoni mwa Januari 2017, wakazi wa ghuba ya Lutembe, kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe nchini Uganda, walianza kuona mizoga ya ndege majini na ufukweni. Wengi wao walikuwa buabua wenye mbawa nyeupe, ndege wa majini wanaozaliana Ulaya ya mashariki na Asia kisha huja Afrika kukimbia baridi. Muda si mrefu bata na kuku wa kufugwa nao wakafa katika wilaya ya Masaka. Uchunguzi wa maabara ulithibitisha kirusi cha mafua makali ya ndege cha aina ya H5N8. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuugua. Kenya ilizuia mara moja uingizaji wa kuku na mazao yao kutoka Uganda, na neno ambalo kwa wengi lilikuwa habari ya redioni kutoka Asia likawa jambo la ziwa moja linalotumiwa na nchi tatu.

Kirusi kilichoua ndege wa Lutembe hakikuzuka pale. Ni mjukuu wa kirusi kilichopatikana kwa bata bukini mmoja katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China, mwaka 1996. Ukoo huohuo umeua mwari wa Senegal, wanandi wa Afrika Kusini, sili wa Argentina, na umeingia katika viwele vya ng'ombe wa maziwa wa Marekani. Mhudumu wa zahanati anayefahamu njia iliyopitwa na ukoo huu ataelewa kwa nini swali la kuku linastahili kuulizwa hata pale ambapo ugonjwa wenyewe haujawahi kuonekana.

Kirusi na mwenyeji wake wa asili

Virusi vya mafua ya aina ya A hutajwa kwa herufi mbili, H na N, zinazowakilisha protini mbili zilizo juu ya ganda la kirusi. Protini ya kwanza, hemaglutinini, hukishikiza kirusi kwenye seli. Ya pili, neuraminidasi, huvikata virusi vipya viachane na seli viendelee na safari. Miongoni mwa ndege zinafahamika aina 16 za H na 9 za N, na michanganyiko yake ni mingi. Makao ya asili ya virusi hivi ni ndege wa majini: mabata mwitu, mabata bukini, shakwe na buabua. Kwa kawaida kirusi huishi katika utumbo wao bila kuwaudhi sana, hutoka na kinyesi, huingia majini, na ndege mwingine hukinywa. Maji yakiwa baridi huweza kudumu humo kwa majuma kadhaa. Ni mapatano ya muda mrefu kati ya mwenyeji na mgeni wake; bata aliyeambukizwa huendelea kula, kuogelea na kuruka.

Mapatano hayo huvunjika kirusi cha H5 au H7 kinapoingia katika banda la kuku. Ili kirusi kiambukize seli, protini ya H sharti kwanza ikatwe na kimeng'enya cha mwenyeji. Katika virusi vipole, vimeng'enya vinavyoweza kuikata vinapatikana katika njia ya hewa na utumbo tu, hivyo maambukizi hubaki huko. Lakini kirusi kikizunguka kwa muda miongoni mwa maelfu ya kuku waliosongamana, huweza kupata badiliko dogo mahali pale panapokatwa, likaifanya protini hiyo ikatike kwa vimeng'enya vilivyo katika karibu kila kiungo. Hapo kirusi hupenya hadi kwenye moyo, ini na ubongo, na banda zima huweza kuteketea kwa siku mbili tatu. Huo ndio ugonjwa ambao Edoardo Perroncito aliueleza kaskazini mwa Italia mwaka 1878 na ukaitwa tauni ya kuku. Haikutambulika kuwa ni mafua hadi mwaka 1955.

Jambo hili linafaa kusisitizwa, kwa sababu lawama huelekezwa upesi kwa ndege wa porini. Ukali wa ugonjwa huu hutengenezwa, kwa kawaida, ndani ya mabanda yanayojengwa na binadamu. Ndege wa porini hurudishiwa mzigo ambao hawakuufunga wenyewe.

Kutoka Guangdong hadi ncha ya kusini ya dunia

Mwaka 1997 kirusi cha H5N1 kilipita masoko ya ndege hai ya Hong Kong na kuambukiza watu 18, wakafariki 6. Wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka 3. Mpaka wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa mafua ya ndege hayawezi kumruka mtu moja kwa moja na kumuua. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo, mamlaka za Hong Kong ziliamuru kuku wote wa eneo hilo, zaidi ya milioni 1, wauawe katika muda wa siku chache. Wagonjwa wapya wakakoma. Hata hivyo ukoo wa kirusi uliendelea kuzunguka katika mabanda ya China, na kati ya mwisho wa 2003 na mwanzo wa 2004 ukalipuka karibu kwa pamoja Korea Kusini, Vietnam, Thailand, Kambodia, Indonesia na nchi jirani.

Hadi hapo ilikuwa bado inawezekana kuuona ugonjwa huu kuwa tatizo la masoko na magari ya kuku. Mwaka 2005 mambo yalibadilika. Katika ziwa Qinghai, magharibi mwa China, zaidi ya ndege mwitu 6,000 walikufa, wengi wao mabata bukini wenye mistari kichwani. Kabla ya mwaka kwisha kirusi kilikuwa Siberia, Kazakhstan, Uturuki na Romania. Februari 2006 kilithibitishwa katika shamba la kuku jimbo la Kaduna, Nigeria, ikiwa ni mara ya kwanza kwa ukoo huu barani Afrika; majuma machache baadaye kilikuwa Misri, Niger, Kamerun na Sudan.

Je, kililetwa Nigeria na ndege wahamao au na vifaranga wa siku moja walioingizwa kwa biashara? Mjadala ulikuwa mkali, na kila upande ulikuwa na maslahi yake: wafanyabiashara waliona heri kulaumu bata wa porini, na wahifadhi wa ndege waliona heri kulaumu biashara. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba kirusi kiliingia Nigeria zaidi ya mara moja. Jibu la busara ni kwamba njia zote mbili zipo na husaidiana. Ndege mwitu hukivusha kirusi bahari na majangwa. Tenga la kuku, trei za mayai zinazorudishwa bila kuoshwa, tairi za gari na viatu vya mchuuzi hukisambaza kutoka kijiji hadi kijiji. Anayeziba njia moja na kuiacha nyingine wazi hajafanya kazi kubwa.

Awamu iliyofuata imekuwa nzito zaidi. Mwaka 2014 uzao mpya wa H5N8 ulivuka kutoka Asia ya mashariki hadi Ulaya na, kupitia maeneo ya kaskazini ambako ndege wa mabara mawili hukutana, hadi Amerika ya Kaskazini, ambako kuku na bata mzinga wapatao milioni 50 walikufa au kuuawa mwaka huo na uliofuata. Kuanzia mwisho wa 2020 H5N1 mpya ilitapakaa Ulaya. Tofauti na miaka ya nyuma, haikutoweka majira ya joto yalipofika. Ilibaki miongoni mwa ndege wa porini mwaka mzima, ikiwaua katika makoloni yao ya kuzaliana. Januari 2021 mwari wapatao 750 walikutwa wamekufa katika hifadhi ya Djoudj, Senegal. Mwaka huohuo wanandi zaidi ya 20,000 walikufa katika pwani ya Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini. Mwishoni mwa 2021 kirusi kilifika Newfoundland, Kanada, na mwaka mmoja baadaye kilikuwa kikiua mwari wa Peru. Kutoka hapo kilishuka hadi ncha ya bara la Amerika. Katika rasi ya Valdés, Argentina, watoto wa sili tembo wapatao 17,000 walikufa mwaka 2023, ikiwa ni zaidi ya asilimia 95 ya waliozaliwa msimu ule. Februari 2024 kirusi kilithibitishwa katika bara la Antaktika lenyewe.

Vifo hivyo vya sili vina uzito wa pekee kwa daktari wa binadamu. Sili ni mamalia, na namna walivyokufa kwa wingi katika makundi yao inaashiria kwamba kirusi kilipita kutoka sili hadi sili. Ishara ya namna hiyo ilikuwa imeonekana Oktoba 2022 katika shamba moja la minki, wanyama wafugwao kwa manyoya yao, huko Galicia, Hispania. Kisha Machi 2024 ikatangazwa kwamba ng'ombe wa maziwa wa Texas na Kansas wameambukizwa. Hakuna kitabu cha tiba ya mifugo kilichotarajia hilo. Kirusi hukaa kwa wingi katika kiwele, na chombo cha kukamulia hukihamisha kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Paka wa mashamba hayo waliokunywa maziwa mabichi walikufa.

Kwa nini bado si ugonjwa wa watu

Seli za ndege na seli za binadamu zina vipokezi vinavyofanana lakini visivyo sawa. Virusi vya ndege hupendelea kipokezi ambacho kwa binadamu kinapatikana zaidi katika sehemu za ndani kabisa za mapafu na katika ngozi laini ya jicho, na kwa uchache katika pua na koo. Hii hueleza mambo mawili kwa pamoja. Mtu haambukizwi kirahisi, kwa kuwa sharti avute kiasi kikubwa cha kirusi hadi ndani au ajipake machoni. Lakini akiambukizwa ndani ya mapafu, nimonia huwa kali. Na kwa sababu kirusi hakikai kwa wingi puani na kooni, mgonjwa hakisambazi kirahisi kwa kukohoa au kupiga chafya.

Tangu mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani limeorodhesha zaidi ya wagonjwa 900 wa H5N1 katika nchi zaidi ya 20, na karibu nusu yao walifariki. Indonesia pekee iliorodhesha wagonjwa 200, wakafariki 168. Misri iliorodhesha 359, wakafariki 120. Wanawake na watoto walikuwa wengi, kwa kuwa huko kuku na bata hufugwa uani na juu ya paa, na wanaowatunza na kuwachinja ni akina mama. Takwimu hizi zisomwe kwa uangalifu. Aliyepata homa nyepesi hakwenda hospitali na hakupimwa, hivyo uwiano halisi wa vifo ni mdogo kuliko unavyoonekana. Marekani, ambako wafanyakazi wa ng'ombe na kuku walifuatiliwa kwa karibu kuanzia 2024, watu wapatao 70 walithibitishwa na wengi wao walikuwa na macho mekundu na mafua ya kawaida tu. Lakini hata huko mgonjwa mmoja wa Louisiana, aliyekuwa na ndege nyumbani kwake, alifariki Januari 2025. Na Kambodia, ambako wagonjwa wamejitokeza tena mfululizo tangu 2023, wengi wao wameugua vibaya baada ya kushika au kupika kuku waliougua nyumbani.

Hofu ya wataalamu inahusu uwezo wa kirusi hiki kubadilika. Vinasaba vya kirusi cha mafua vimo katika vipande 8 vilivyotengana. Virusi viwili tofauti vikiingia katika seli moja, vizao vyake vinaweza kuchanganya vipande hivyo na kupata sura isiyojulikana na kinga ya mtu yeyote. Ndiyo sababu wafanyakazi wa mabanda na machinjio ya kuku hushauriwa kupata chanjo ya mafua ya kawaida ya msimu pale inapopatikana. Chanjo hiyo haiwakingi dhidi ya H5N1; hupunguza uwezekano wa mtu mmoja kubeba mafua ya watu na mafua ya ndege kwa wakati mmoja.

Mdondo, kibudu na kisu

Katika vijiji vya Afrika Mashariki kifo cha kuku wengi kwa pamoja si habari. Ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, hupita karibu kila mwaka na kusafisha mabanda. Unasababishwa na kirusi tofauti kabisa na mafua, na kwa binadamu huleta, mara chache, macho mekundu ya siku chache. Familia zimezoea. Kuku wanapoanza kuzubaa, kujikunyata na kuharisha kijani, mwenye nyumba anajua kwamba kesho hawatakuwapo, naye huwawahi kwa kisu. Wanaobaki hupelekwa sokoni alfajiri kabla dalili hazijaonekana.

Mazoea haya yana mantiki yake, na mtaalamu anayeyadharau hatasikilizwa. Kuku wa kienyeji ni akiba ya mwanamke: ndiye ada ya shule, ndiye nauli ya kliniki, ndiye kitoweo cha mgeni. Kumwacha afe bure ni kupoteza fedha. Tena kwa Waislamu, na kwa majirani zao wengi wasio Waislamu, kibudu hakiliwi. Mnyama aliyekufa mwenyewe ni haramu au ni karaha. Kwa hiyo kuku mgonjwa huchinjwa akiwa bado anapumua, na hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Kuku aliye katika saa zake za mwisho hubeba kirusi kwa wingi kabisa. Kumchinja hurusha damu, kumtumbukiza katika maji ya moto na kumnyonyoa hutawanya unyevunyevu na vumbi la manyoya, kumpasua hufungua utumbo na mapafu. Anayefanya kazi hiyo ameinama, uso u karibu, na mtoto amechuchumaa pembeni akisubiri firigisi.

Ugumu mwingine ni kwamba mdondo huificha kengele ya hatari. Mafua makali ya ndege yakiingia katika kijiji kilichozoea mdondo, hakuna atakayeshtuka. Kwa macho pekee magonjwa haya mawili hayatofautishwi kwa uhakika. Maabara ndiyo hukata shauri. Hata hivyo zipo dalili zinazopaswa kumfanya mfugaji amwite afisa mifugo upesi: kuku kufa ghafla bila kuonyesha ugonjwa, upanga na masikio kugeuka rangi ya zambarau, kichwa kuvimba, madoa ya damu kwenye miguu. Zaidi ya hizo ni kifo cha bata. Mdondo huwaua kuku na kwa kawaida huwaacha bata. Uani pakifa kuku na bata kwa pamoja, au ndege wa porini wakionekana wamekufa kando ya bwawa katika majuma hayohayo, jambo hilo lichukuliwe kwa uzito. Kinyume chake hakisemi kitu, kwa kuwa baadhi ya virusi vya mafua huwapitia bata bila kuwadhuru.

Kutokana na hilo, chanjo ya mdondo ina faida isiyotajwa sana. Chanjo inayostahimili joto, itiwayo tone moja jichoni, inapatikana kwa bei ndogo. Kijiji ambacho kuku wake wamechanjwa hakina tena kisingizio cha kila mwaka. Kuku wakifa kwa wingi hapo, watu watauliza sababu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayehimiza chanjo hiyo anailinda mboga ya familia na papo hapo anaifungua ile kengele iliyofunikwa.

Serikali zinazoamuru kuku kuuawa bila kumlipa mwenyewe fidia ya haraka hujitengenezea ugonjwa uliofichwa. Hili limeonekana katika nchi nyingi: tangazo likitoka asubuhi, kuku wamekwisha kuvushwa usiku. Kuwaua ndege wa porini nako hakufai. Huwatawanya waliobaki na hakufikii chanzo.

Chumbani kwa mganga

Mgonjwa wa mafua ya ndege huja na homa, kikohozi, maumivu ya mwili, pengine kuharisha au macho mekundu. Dalili huanza kwa kawaida siku 2 hadi 5 baada ya kugusana na ndege, wakati mwingine hadi siku 10. Baada ya siku chache kupumua huwa kwa shida na oksijeni hushuka kwa kasi. Chembe nyeupe za damu, hasa limfosaiti, na chembe sahani huweza kupungua. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoutofautisha ugonjwa huu na nimonia nyingine, na katika eneo la malaria homa itaelekezwa kwanza kwenye kipimo cha malaria. Kinachotofautisha ni historia.

Swali linapaswa kuulizwa kwa kila mwenye nimonia kali, na namna ya kuliuliza ina maana. Mama akiulizwa, "Umekula kuku mgonjwa?", atakana, kwa kuwa swali limekuja na hukumu ndani yake. Akiulizwa, "Mama, kuku wa nyumbani wanaendeleaje? Wa jirani je?", ataeleza mwenyewe. Ndipo hufuata mengine: walikufa lini, nani aliwachinja na kuwanyonyoa, mtoto alikuwa wapi, kuna yeyote nyumbani anayehudumia kuku sokoni, mabwawa ya samaki au ng'ombe. Muda wa kuuliza ni siku 10 zilizopita. Kwa mtoto, aulizwe bibi au dada anayeshinda naye, kwa maana mara nyingi wao wanajua zaidi kuliko mzazi aliyemleta.

Jibu likitia shaka, mgonjwa atengwe katika chumba chenye hewa ya kutosha, avae barakoa, na wanaomhudumia wavae barakoa ya kuchuja hewa, kinga ya macho, glavu na gauni. Ndugu wanaomuuguza wapunguzwe hadi mmoja na afundishwe kujikinga. Thailand mwaka 2004 mama aliyetoka mji mwingine kuja kumuuguza binti yake hospitalini aliambukizwa naye akafariki, ingawa hakuwa amegusa kuku. Matukio ya aina hiyo ni machache, lakini katika wodi zetu ambako ndugu ndiye muuguzi wa pili, ni mfano wa kuukumbuka.

Sampuli ichukuliwe puani na kooni, na jichoni ikiwa jicho ni jekundu. Kwa mgonjwa aliye mahututi, sampuli kutoka ndani ya mapafu ndiyo yenye uhakika zaidi. Kipimo cha PCR katika maabara ya taifa ndicho cha kutegemewa. Kipimo cha haraka cha mafua kikitoa jibu hasi hakiondoi shaka. Dawa ya oseltamiviri ianzishwe bila kusubiri majibu, kwa mtu mzima miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku 5, muda ukiongezwa kwa mgonjwa mahututi kulingana na mwongozo wa taifa. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zijitokeze, lakini mgonjwa mkali aliyechelewa asinyimwe. Mganga mfawidhi amjulishe siku ileile mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya, na mratibu azungumze na daktari wa mifugo. Simu hiyo ya pili ndiyo husahaulika. Waliokula, kuchinja au kulala nyumba moja na mgonjwa wafuatiliwe kwa siku 10.

Mambo wanayouliza wagonjwa

Je, kuku na mayai ni salama? Nyama iliyoiva hadi ndani, isiyo na maji ya damu wala wekundu karibu na mfupa, ni salama, kwa kuwa nyuzi joto 70 hukiua kirusi. Yai nalo liive, kiini kiwe kigumu. Hatari iko kabla ya sufuria: mikononi, kwenye ubao wa kukatia na kisu kinachohamia kwenye kachumbari bila kuoshwa. Sabuni ya kawaida inatosha, kwa sababu kirusi kimezungukwa na utando wa mafuta ambao povu huuvunja. Maziwa yachemshwe, kama ambavyo yamekuwa yakichemshwa kwa sababu ya kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe. Hakuna jipya la kujifunza hapo.

Kuku akifa nyumbani, asishikwe kwa mkono mtupu. Asiye na glavu ageuze mfuko wa plastiki auvae mkononi. Mzoga usitupwe ziwani, mtoni wala jalalani, usipewe mbwa au paka, na asiachiwe mtoto kuuzika. Uchimbiwe shimo refu lisilofukuliwa na mbwa, juu yake chokaa au majivu, kisha mikono, nguo na kandambili zioshwe. Wakifa wengi, wasizikwe kabla ya afisa mifugo wa kata kupewa taarifa, maana bila mzoga maabara haina cha kupima. Kuku waliobaki wafungiwe, bata watenganishwe na kuku, na kwa majuma machache hakuna kuku wa kuuzwa, kuzawadiwa wala kubebwa kwenda kwa mgonjwa hospitalini.